Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kuwafundisha watoto wadogo mimea na viumbe wakati wa masika

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na walimu wa chekechea wenye watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mengi yaliyomo yanahusu pwani na kaskazini mwa Tanzania pamoja na Kenya, ambako mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Walio kwingine wataona maswali yao huko chini.

Kwa nini masika? Kwani mimea haipo mwaka mzima?

Ipo, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri mwembe uzae. Wakati wa masika mambo hubadilika kwa siku. Kiwanja kilichokuwa vumbi tupu mwanzoni mwa Machi, Aprili kina majani yanayomfika magotini. Kumbikumbi, vyura, jongoo na uyoga hujileta wenyewe hadi mlangoni, kwa hiyo mwalimu hana haja ya kutafuta somo, ni kutoka nje tu. Tena maji ya kumwagilia yanashuka bure, jambo ambalo anayenunua maji kwa dumu hawezi kulidharau.

Mtoto wa miaka mitatu ataelewa nini hasa?

Ataelewa anachokishika. Habari za mmea kujitengenezea chakula kwa jua ziache hadi shule ya msingi. Kwa sasa inatosha ajue kwamba mmea uko hai, unakunywa, na wa leo si kama wa jana. Wa miaka mitano anaweza kwenda mbele zaidi: apime urefu wa mche kwa uzi, achore anachokiona, ahesabu majani.

Somo lenyewe liwe fupi, dakika kumi au kumi na tano, lakini lirudi kila siku. Dakika hizo kumi za kila asubuhi mbele ya kopo moja zina faida kuliko ziara moja kubwa ya mwaka. Na mtoto akiacha kopo akageukia kunguru aliyetua ukutani, mfuate kwa kunguru. Kopo litakuwepo kesho.

Tuanze na mbegu gani?

Kunde. Wengi huanza na maharage kwa sababu ndiyo yaliyoko jikoni, na kwa kuchipua tu hayana shida. Lakini maharage hupenda nyanda za juu zenye ubaridi. Ukiyapanda Tanga au Dar es Salaam yataota vizuri, kisha joto litayachosha na mtoto ataona mmea unaodhoofika bila kosa lake. Kunde inalizoea joto la pwani, huchomoza ardhini ndani ya siku tatu hadi tano, na baada ya wiki tatu au nne unachuma majani ya kwanza ya mboga.

Fanya kwa njia mbili kwa pamoja. Njia ya kwanza ni bilauri ya kioo au chupa safi ya plastiki iliyokatwa shingo. Weka ndani karatasi laini ya chooni au pamba iliyoloa, kisha upange kunde tano kati ya karatasi na ukuta wa chombo ili zionekane kwa nje. Makusudi kabisa, geuza moja kichwa chini miguu juu na nyingine ilaze ubavu. Siku ya pili au ya tatu mzizi unatoka, na watoto wataona kwamba hata ile iliyogeuzwa mzizi wake unapinda kuelekea chini. Usiwaambie mapema. Waulize usiku uliotangulia: "Mnadhani huyu aliyepinduliwa atatoa mzizi upande gani?" Kila mmoja aseme lake, asubuhi wakaangalie.

Njia ya pili ni udongo wenyewe: tundu la kina cha kidole kimoja cha mtoto hadi pingili ya kwanza, kunde mbili, kufukia, maji. Za kwenye kioo zitaonyesha kinachotendeka chini ya udongo ambako macho hayafiki.

Ukitaka kitu cha haraka zaidi, choroko huchipua kwa siku mbili. Ukitaka cha kulinganisha, weka punje za mahindi kando ya kunde. Kunde huinuka na nusu zake mbili za mbegu juu ya ardhi, ilhali hindi huiacha punje chini na kutoa jani moja lililosokotwa. Mtoto wa miaka mitano akishaviona vyote viwili atakuambia mwenyewe tofauti, wala huna haja ya kumwandikia ubaoni.

Mchicha ni mtamu na haraka, ila mbegu zake ni vumbi. Zinapotea mikononi mwa watoto au zinamwagika zote mahali pamoja. Changanya na konzi ya mchanga mkavu ndipo wamwage.

Je, mbegu za dukani zilizopakwa rangi zinafaa?

Hazifai kwa watoto. Ile rangi ya waridi, kijani au bluu ni alama ya kuwa mbegu imetiwa dawa ya kuua kuvu au wadudu. Nunua kunde za kula sokoni, zichague zisizotobolewa na wadudu, zitaota.

Mtoto wangu anafukua mbegu kila siku kuangalia kama imeota.

Ndiyo maana ya ile bilauri ya kioo. Mpe pia kopo lake la ziada ambalo ana ruhusa ya kulifukua atakavyo. Udadisi wa namna hiyo usiuzime kwa fimbo ya "usiguse".

Hana subira kabisa. Kuna mmea usiohitaji kungojewa?

Matembele. Vunja kipande cha rando, yaani shina lake linalotambaa, chenye vifundo vitatu au vinne, chomeka ardhini vifundo viwili viingie chini, basi. Msimu wa mvua rando halikumbuki hata kama lilikatwa. Mtoto anapata mmea wenye majani siku hiyohiyo, na mkichuma juu, chini panachipua tena. Hapo pia ataona kwamba si kila kitu huanzia kwenye mbegu. Muhogo hupandwa kwa kipande cha shina, na mgomba kwa chipukizi linaloota ubavuni mwa mama yake. Mpasulie ndizi mbivu umwonyeshe vidoti vyeusi vya katikati: hivyo ndivyo vilivyobaki vya mbegu, na havioti.

Tunaishi ghorofani, hatuna hata kiwanja cha kuanikia nguo.

Ndoo iliyopasuka, dumu la lita tano lililokatwa ubavu, gunia la unga, vyote ni bustani. La lazima ni matundu chini ya chombo, maana mimea ya makopo huzama zaidi kuliko inavyokauka, hasa mwenye kumwagilia akiwa na miaka mitatu na furaha nyingi. Mpe kikombe kidogo, usimpe jagi. Udongo wa kichanga uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Weka barazani au dirishani panapopata jua la asubuhi.

Kama jua linaingia upande mmoja tu, hilo nalo ni somo. Baada ya siku chache shina linainamia dirisha. Geuza kopo, na baada ya siku chache litainama tena kurudi kwenye mwanga.

Mmea wake umekufa na analia. Ninunue mwingine nibadilishe usiku?

Usibadilishe. Kaeni nao mezani, muung'oe, muangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na inanuka, ulikunywa maji mno. Ikiwa mikavu inayokatika, kiu. Shina likiwa limekatwa usawa wa udongo, kuna kiwavi au panzi aliyepita. Mwache alie kidogo, kisha mpande mwingine mchana kweupe, naye akijua kwa nini wa kwanza ulikufa.

Niwafundishe majina ya sehemu za mmea: mzizi, shina, jani, ua?

Ndiyo, lakini jina lije baada ya kitu. Mtoto aliyekwisha kuona mzizi ukisukuma karatasi ana haja ya neno la kuuitia, na ukimpa halitamtoka. Chekechea nyingi zinafanya kinyume. Ukutani kuna chati ya rangi yenye tufaha, zabibu na stroberi, watoto wanaimba majina yake, na nje ya dirisha kuna mpapai unaotoa maua ambao hakuna aliyewahi kuambiwa autazame. Mimi ningeishusha hiyo chati wiki nzima, nibandike michoro ya watoto wenyewe.

Mbinu ninayoipenda kwa umri huu ni vitendawili, kwa sababu vinamlazimu mtoto afikirie umbo la kitu. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu ina nguzo moja." Ni uyoga, na baada ya mvua mnaweza kwenda kuiona hiyo nguzo. "Kuku wangu hutagia miibani," nanasi. Wa miaka mitano wataanza kutunga vyao. Vingi havitakuwa na maana yoyote, vitegue hivyohivyo.

Ananiuliza nisilolijua. Nifanye nini?

Mrudishie swali kwanza: "Wewe umeona nini?" Mara nyingi mtoto anayeuliza "kwa nini jani hili lina matundu" hataki mhadhara, anataka uinamishe kichwa uyaone hayo matundu. Ligeuzeni jani chini, pengine mwenye kuyatoboa yuko hapo. Kama bado hamjui, mpelekeni jani kwa babu, kwa bibi, au kwa muuza mboga wa mtaani, ambaye mara nyingi anaujua ugonjwa wa mchicha kuliko mwalimu.

Anaogopa jongoo na konokono. Nimlazimishe ashike?

Usimlazimishe, na usimcheke. Aanze kwa kutazama akiwa mbali, akisogea mwenyewe ni vizuri. Mzazi unayepiga yowe ukimwona jongoo unamfundisha woga kabla hujafungua kinywa, basi jizuie.

Jongoo ndiye mwalimu bora wa masika. Haendi mbio, hang'ati, ukimgusa anajikunja duara. Anakula majani makavu na vitu vilivyooza, na kinyesi chake kinarudi kuwa udongo. Mweke juu ya karatasi, watoto wahesabu miguu. Watashindwa, na kushindwa huko ni raha tupu, lakini wenye macho makali wataona kwamba karibu kila pingili ya mwili ina miguu jozi mbili. Baadaye mrudisheni mlipomtoa. Jongoo hutoa majimaji yanayotia doa ngozini na kuwasha sana yakiingia machoni, kwa hiyo mikono inaoshwa papo hapo kwa sabuni. Na wafundishwe kumtofautisha na tandu: tandu ni bapa, ana mbio, ana jozi moja ya miguu kila pingili, na anauma vibaya.

Kumbikumbi wana siku zao. Jioni baada ya mvua wanajaa kwenye taa, asubuhi sakafu imetapakaa mbawa. Waulize watoto wenye mbawa wamekwenda wapi. Wengi wameliwa na ndege, vyura, mijusi na kuku, na kwenye nyumba nyingi na sisi pia. Wachache waliobaki wamedondosha mbawa zao na kuingia ardhini wawili wawili kuanzisha kichuguu kipya.

Mwenye mndimu au mlimau uani ana bahati nyingine. Tafuteni juu ya majani kiwavi anayefanana na mavi ya ndege. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa kwa kijiti anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mwekeni kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua, mumpe majani mabichi ya mndimu kila siku, hadi ajitundike kuwa pupa. Viwavi wenye manyoya msiwaguse kabisa, huwasha. Walio karibu na Malindi wanaweza kwenda Gede kwenye mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 unawasaidia wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Mtoto akigundua kuwa kuna watu wazima wanaofanya kazi ya kulea viwavi, hasahau.

Mimea ipi ya kuchezea isiyo na gharama?

Kifaurongo. Huota kando ya njia penye unyevu, na ukigusa jani lake linajikunja kama limekufa, kisha baada ya dakika kadhaa linafunguka. Maji hutoka haraka kwenye chembe zilizo kwenye maungio ya jani, ndiyo maana linalegea. Mtoto hahitaji kujua hilo. Anahitaji muda wa kuligusa mara ishirini. Lina miiba midogo, mwambie aguse jani, asikamate shina.

Chini ya mwembe, wakati huu, kokwa za msimu uliopita zimeanza kuota zenyewe. Majani yake machanga ni mekundu kama shaba. Mngojee yageuke kijani.

Na walio jirani na mikoko, kwa mfano Mida huko Kenya au Jozani na Ghuba ya Chwaka Unguja, ambako kuna njia za mbao za kupita juu ya matope, waonyesheni vile virungu virefu vinavyoning'inia kwenye mkoko. Ni miche iliyokwisha kuota ikiwa bado mtini kwa mama.

Mimea gani niiogope?

Hili lichukueni kwa uzito. Nyonyo, ambayo wengine huiita mbarika: mbegu zake nzuri zenye mabaka zina sumu kali. Mturituri, zile mbegu nyekundu zenye kidoa cheusi zinazotungwa ushanga, nazo hivyohivyo. Mbono wa uzio. Oleanda ya mapambo, yenye majani membamba na maua ya waridi au meupe, ina sumu mmea mzima. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni ni hatari, na mnyaa ndio uzio wa nyumba nyingi. Upupu hauui, lakini siku yenu itaishia hapo.

Maharage mabichi nayo, hasa mekundu, yanaumiza tumbo vibaya. Kanuni moja kwa watoto wote: hakuna kinachoingia kinywani bila mama, baba au mwalimu kusema ndiyo. Wala puani wala masikioni. Kunde ikiingia puani inavimba kwa unyevu, usiichokoe kwa kijiti, nendeni zahanati. Mtoto akimeza mmea wa sumu, msimtapishe. Mchukue upesi hospitali pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

Na matope? Minyoo?

Viatu au kandambili wakati wote, kwa sababu safura huingia kupitia ngozi ya miguu. Sabuni baada ya kushika udongo, jongoo au konokono. Msiwaingize watoto kwenye mabwawa na mito kutafuta viluwiluwi, kuna kichocho. Chura anaweza kutazamwa ukiwa ukingoni. Kila chombo chenye maji ya kukaa kimwagwe angalau mara moja kwa wiki, mbu asipate nafasi ya kukamilisha kukua. Zaidi ya hapo, nguo zinafuliwa.

Mvua inanyesha kutwa. Tunafanya nini ndani?

Wekeni kopo nje, mpime maji kwa kijiti jioni. Sikilizeni inavyolia kwenye bati na kwenye majani ya mgomba. Tumbukizeni ua jeupe lenye bua kwenye maji ya rangi, kesho yake petali zimebadilika.

Nina watoto arobaini darasani na hakuna bustani.

Wagawe makundi, kila kundi kopo moja lenye alama yao: jani, jua, samaki. Wakati kundi moja liko nje na makopo, mengine yanachora au kucheza. Omba mzazi mmoja aje siku za kupanda. Bibi na babu hupenda kuitwa, na wengine watakufundisha wewe mwalimu. Anayefika mpokeeni kwa shikamoo na kiti, mwacheni aongoze.

Mtoto hataki mboga za majani.

Aliyechuma mwenyewe angalau ataonja. Hatakula bakuli zima, msidanganyike.

Sisi tuko Dodoma, hatuna masika wala vuli.

Mna msimu mmoja, kuanzia takriban Novemba au Desemba hadi Aprili. Anzeni mvua zenu zikianza. Mna na mibuyu, ambayo wakati wa ukame husimama uchi bila jani na mvua zikirudi huvaa upya. Mchoreni mbuyu mmoja kila mwezi.

Tunaishi Ulaya. Yote haya yanatuhusu?

Yanawahusu, na kwa tarehe zilezile. Karibu tarehe 20 Machi jua la utosi huvuka ikweta kuelekea kaskazini. Safari hiyohiyo ya jua inayotuletea masika ndiyo inayowaletea ninyi majira ya kuchipua. Wakati mtoto wenu anatazama vichipukizi kwenye matawi yaliyokuwa makavu tangu Novemba, binamu yake Tanga anaruka madimbwi. Pandeni kunde siku moja kwenu na kwa bibi, mpigiane simu kuulizana yupi ametangulia. Kwenu anzeni ndani, dirishani penye joto, na msitoe nje hadi baridi ya usiku iishe, ambayo sehemu nyingi za kaskazini ni baada ya katikati ya Mei.

Bibi anataka kutupa mbegu tukirudi likizo. Tuzibebe?

Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na mbegu za kupanda, mimea wala matunda mengi kutoka nje bila cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu ndizo zisizohitaji cheti. Kunde kavu za kupika, zile nyeupe zenye jicho jeusi, zinauzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika na Kihindi huko huko, na nyingi huota. Lowekeni kumi usiku kucha, zitakazovimba mpande.